Mama Picha

Karatasi ya Kampala ilisomwa Ijumaa baada ya sala, uani kwa Hamuza, mbele ya wote waliochanga. Hamuza ndiye aliyeisoma, kwa kuwa ndiye kaka mkubwa, na ndiye aliyezunguka mji wa Koboko nyumba kwa nyumba akiomba mchango wa kumpeleka mke wa mdogo wake hospitali. Alivaa kanzu ya Ijumaa na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alisoma Kiingereza polepole, kisha akageuza.

"Wanasema wamepitisha waya mpaka kwa moyo. Wamemwaga dawa ya rangi, wamepiga picha. Mishipa mikubwa yote iko wazi. Hakuna mahali imeziba."

Watu wakasema alhamdulillahi. Kulusum, mwenye moyo uliopigwa picha, alikuwa ameketi mkekani upande wa wanawake, kifundo cha mkono bado kina doa la buluu pale waya ulipoingilia. Naye alisema alhamdulillahi. Kisha watu wakaanza kukumbuka walichochangia. Walichanga ili mshipa ulioziba ufunguliwe. Sasa waliambiwa hapakuwa na mshipa wa kufungua.

Aliyeuliza alikuwa Kasimiro, jirani mwenye duka la vyuma, Mkristo pekee aliyekuwepo.

"Sasa ile kitu inamuuma ni nini?"

"Kasimiro, mimi nasoma yenye imeandikwa," Hamuza akamjibu. "Hapa hawakuandika kama inauma."

"Shemeji," Kulusum akasema kutoka mkekani, "chini kabisa kuna mstari ingine. Nesi wa kule alinionyesha. Inasema niende kwa daktari wa Arua, Jumanne."

Hamuza aliitazama karatasi, akaikunja mara mbili. "Hiyo ni ya kwaheri tu. Hospitali zote wanaandika hivyo, rudi tena, rudi tena. Hata dukani tunasema karibu tena."

Watu wakacheka, kicheko cha kushusha pumzi. Ikaamuliwa hapo hapo kwamba kilichobaki cha mchango kinunue sukari na mchele wa arbaini ya Mzee Taban, baba yao Hamuza na Ramathan, ambayo ilikuwa imebakiza siku nane. Ikaamuliwa pia, bila mtu kuuliza, kwamba Kulusum atarudi kwenye sufuria kubwa. Kwa miaka ishirini hapakuwa na harusi wala matanga ya nyumba ile ambayo pilau yake haikugeuzwa na mkono wake. Ni kwenye sufuria hiyo hiyo, siku ya tatu ya msiba, alipodondosha mwiko, akashika kifua na kuanguka pembeni ya moto.

Mariam Poni, mke wa Hamuza, alimletea chai mwenyewe. Ilikuwa chai ya heshima, nyeusi, ya tangawizi, na sukari iliyogoma kuyeyuka imekaa chini ya kikombe kama mchanga wa mtoni.

"Kunywa, Mama Akram. Damu irudi."

Kulusum akanywa yote, akakomba sukari ya chini kwa kijiko, kama ilivyo adabu.

*

Ramathan, mume wake, alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki karibu na stendi. Jumatatu alirudi mapema kuliko kawaida, akavua viatu mlangoni, akaketi bila kudai chakula.

"Kuna nini dukani?" Kulusum akamuuliza. Alikuwa anasuka kawa la kufunikia chakula, kazi ambayo angeweza kuifanya amekaa.

"Mutu moja wa boda ameniuliza kama Kampala ulienda kutembea."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamuuzia plagi."

Kulusum alivuta ukindu, akakaza. "Kesho ndiyo Jumanne."

"Mama Akram, wacha arbaini ipite kwanza."

"Karatasi haikusema baada ya arbaini."

"Karatasi ilisema hauna kitu! Mimi ndiyo nilisimama pale. Watu wazima wametoa pesa yao, na mimi nikasimama kama mutu ameuza mbuzi wa kuiba." Alishusha sauti, kwa kuwa ukuta wa jirani ulikuwa karibu. "Wanawake wanakuita Mama Picha. Unajua?"

"Najua. Mariam Poni ndiye alianza. Jina zuri, fupi." Akaweka kawa chini. "Mimi nakuuliza kitu moja, Ramathan. Wewe unaamini inauma?"

Ramathan aliangalia viatu vyake pale mlangoni.

"Mimi naamini kwamba wewe unaamini," akasema.

Kulusum aliinuka, akampakulia chakula, akarudi kwenye kawa lake. Asubuhi yake aliuza makawa mawili kwa mfanyabiashara wa Sudani Kusini aliyekuwa akiyapeleka Yei, akapata nauli. Alipofika Arua hakuwa amekula chochote, kwa sababu nesi wa Kampala alimwambia aende na tumbo tupu.

*

Kliniki ilikuwa chini ya Arua Hill, kwenye nyumba ya kale yenye baraza pana. Nesi, Stella Kiden, alimtoa damu, kisha akachukua utepe wa kupimia, akamzungusha kiunoni.

"Nashonewa gauni?" Kulusum akauliza.

"Shika pumzi, Mama. Hapana, hiyo ni kushika tumbo. Nimesema pumzi."

Alisubiri mpaka karibu na adhuhuri. Daktari Severino, mtu mfupi wa Dadamu mwenye sauti ya mwalimu, alikuwa na majibu ya damu mbele yake na karatasi ya Kampala pembeni. Hakuanza na karatasi.

"Inakuja wakati gani?"

"Nikipanda kilima. Nikigeuza sufuria. Nikigombana na mutu nikanyamaza."

"Ukigombana ukasema je?"

"Hiyo haiumi."

Daktari akaandika. "Ikianza kifuani, inakwenda wapi?"

Swali hilo lilimkuta hajajiandaa. Katika miaka miwili hakuna aliyewahi kumuuliza maumivu yake yanakwenda wapi.

"Inapanda kwa taya. Hapa, kushoto. Kama mutu anang'oa jino pole pole, na hana haraka."

"Nyumbani wanajua?"

"Ya taya? Hapana. Wananicheka ya kifua, niwaongezee na taya?"

"Ikikushika, unafanyaje?"

"Wananipa chai."

"Chai gani?"

"Ya sukari. Ya kurudisha nguvu."

"Vijiko vingapi?"

Kulusum alihesabu kwa uaminifu. "Vinne. Ikiwa imeuma sana, sita. Na glukosi ya pakiti ikiwa iko."

Severino aliweka kalamu chini. "Nani alikushauri hivyo?"

"Nyumba nzima. Wananipenda."

"Na unapata nafuu?"

"Napata. Nikinywa, nikikaa kama nusu saa, inaondoka."

"Ni kukaa ndiyo kunaiondoa, Mama. Si chai."

Vikombe vya miaka miwili vilipita mbele ya Kulusum, vingine vya Mariam Poni, vingine vya Haboba Jamilah, bibi wa nyumba nzima na mama mkwe wake, aliyekuwa akikoroga kwa mkono wake mwenyewe kabla hajaingia eda.

"Kampala hawakukosea," daktari akaendelea. "Unajua lami ya kutoka hapa mpaka Koboko. Picha yao ni picha ya lami. Lami yako ni safi, haina shimo. Lakini watu wa Dranya wanakaa kwa lami?"

"Wanakaa ndani huko."

"Ndani huko. Na njia zao hazionekani kwa picha ile. Moyo wako pia uko na njia ndogo ndogo za ndani. Ukifanya kazi ngumu, njia hizo zinatakiwa zipanuke damu nyingi ipite. Zako hazipanuki vizuri. Nyama ya moyo inakosa, inalia. Hicho kilio ndicho unachosikia kwenye kifua."

"Kwa nini zangu hazipanuki?"

"Unaijua insulini?"

"Sindano ya watu wa kisukari."

"Mwili wenyewe unaitengeneza. Kazi yake ni kugonga mlango, nyama za mwili zifungue, sukari iingie. Yako inagonga, ndani hawasikii. Mwili unatuma ingine, na ingine. Kwa hiyo kisukari chenyewe bado hujakipata, lakini insulini imejaa kwenye damu kupita kiasi. Sasa, na mishipa midogo huwa inaisikiliza insulini hiyo hiyo ili ipanuke. Mwili ukiwa kiziwi huku, mara nyingi unakuwa kiziwi na kule." Akagonga utepe wa nesi uliokuwa mezani. "Kiuno kimesema, damu imesema, na wewe umesema. Wengi ninaowaona hivi ni wanawake wa umri wako. Wengi wameambiwa hawana kitu."

"Nitakufa?"

"Siku moja. Ukinisikiliza, si wiki hii. Lakini si ugonjwa wa kuchezea."

Akampa masharti. Vidonge vya kila siku. Kidonge kidogo cha kuweka chini ya ulimi maumivu yakija, na awe ameketi. Sukari ya chai iishe. Atembee kila asubuhi, mwendo wa kuweza kuongea. Mambo ya moto mkubwa na kunyanyua mizigo ayaache kwanza. Arudi baada ya mwezi, na mwezi mwingine baada ya huo.

"Andika," Kulusum akasema.

"Nimeandika kwenye kitabu chako."

"Hapana. Andika kwa karatasi, na muhuri. Karatasi ndiyo imeniita muongo, na mimi nitarudi na karatasi. Andika kubwa, shemeji yangu anavaa miwani."

*

Hamuza aliisoma karatasi ya Arua akiwa amesimama, mchele ukishushwa. Aliisoma mara mbili, maana ni lazima isemwe kwamba alikuwa mtu wa haki kadiri alivyoelewa.

"Huyu amekupima na nini?"

"Damu. Na amenisikiliza."

"Na mashine?"

"Mashine hana. Ana utepe."

"Utepe gani?"

"Wa kiuno."

Mariam Poni, aliyekuwa akihesabu magunia, aliketi juu ya mojawapo ili acheke vizuri. "Kiuno! Mama Akram, kifua kinauma, wanapima kiuno! Amekwenda kwa daktari ama kwa fundi wa nguo?"

"Kampala wana mashine kubwa kama nyumba," Hamuza akasema kwa upole, kama mtu anayemwonea mwenzake huruma. "Imeingia mpaka ndani ya moyo, haikuona kitu. Huyu wa Arua ana kamba, na ameona. Nani mukubwa? Hebu wewe mwenyewe niambie."

Ramathan alikuwepo. Kulusum alimgeukia. Ramathan alisema mchele mmoja una unyevu, akaenda kuuangalia.

Ni Haboba Jamilah aliyesema la mwisho siku ile. Alikuwa mjane wa siku thelathini na sita, ndani ya eda, haonekani na wageni. Dirisha la chumba chake lilitazama mahali pa kupikia, na nyuma ya pazia lake hakupitwa na kitu. Sauti yake ilitoka nyuma ya pazia ikiwa kavu.

"Sisi tulipika tukiwa wagonjwa. Tulipika tukiwa wakimbizi. Hakuna mutu alitupiga picha."

Kulusum alikunja karatasi, akaitia kifuani, upande ule ule uliouma.

*

Jumamosi ya arbaini alifika saa moja asubuhi kwa miguu, mwendo wa kuweza kuongea, ingawa hakuwa na wa kuongea naye. Alikuwa amejipangia. Angeketi kwenye kiti, aonje, aelekeze, na mikono ya wengine ifanye kazi.

"Leteni kiti ya Mama Picha!" Mariam Poni akapaza sauti. "Mwekeni pale kwa kivuli, tusije tukaharibu picha."

Wanawake wakacheka. Kulusum naye alicheka, kwa kuwa aliyekaa kwenye kiti wakati wenzake wameinama hana haki ya kununa. Aliwaambia kitunguu kitoke kikiwa na rangi ya ngozi ya Mariam Poni, wasikipeleke mpaka kwenye rangi yake yeye Kulusum. Hapo wakacheka kwa upande wake, na kwa saa mbili mambo yakaenda.

Saa nne nyama ilianza kushika chini. Msichana wa kugeuza alikuwa mgeni wa kazi, anazungusha mwiko juu juu kama anayekoroga uji wa mtoto. Harufu ya kuungua ikaanza. Uani palikuwa na watu zaidi ya mia, mashehe wawili kutoka Arua, na sadaka ya Mzee Taban ilikuwa inataka kuungua mbele yao.

"Mama Akram!" Mariam Poni akaita, na safari hii hapakuwa na utani. "Utakaa tu?"

Kulusum aliinuka. Hakuna aliyemlazimisha, hilo alilisema mwenyewe baadaye. Alichukua mwiko, akauingiza mpaka chini, akageuza. Mara ya kwanza, ya pili. Mara ya saba kifua kikabana. Akageuza mara ya nane, kwa kiburi. Mara ya tisa taya likaanza kuvutwa, akaachia mwiko, akashika taya kwa kiganja na kurudi kwenye kiti akitembea kama mtu aliyebeba maji ya kujaa. Alitoa kidonge kidogo kwenye fundo la leso, akakiweka chini ya ulimi.

"Anakula peremende," mtu akasema.

Jasho lilimtoka usoni. Rangi yake ilibadilika, na waliokuwa karibu wakaacha kucheka. Mariam Poni hakuwa mwanamke mbaya. Aliogopa, na alipoogopa alifanya alichofundishwa kufanya: alikimbia kwenye birika, akamimina, akatia sukari, akaongeza, akaja mbio na kikombe.

"Kunywa. Kunywa upesi."

"Hapana."

"Nini?"

"Sitaki. Niache nikae."

Hakuna aliyekumbuka lini mtu alikataa chai ya matanga uani pale. Ukigombana na nyumba unakuja, unakunywa chai yao, yanaisha. Ukikataa, umesema mbele ya watu kwamba hayajaisha, na umemsema vibaya hata marehemu. Mariam Poni alibaki na kikombe mkononi. Hamuza alikuja kutoka upande wa wanaume, Ramathan nyuma yake.

"Kunywa," Hamuza akasema kwa sauti ya chini. "Mashehe wanatazama. Utukane sisi kesho, lakini leo kunywa."

"Shemeji, hiyo chai ndiyo inaniua."

"Umesikia, Ramathan? Sasa tunamtilia sumu."

"Huyo mwanamke," sauti ya Haboba Jamilah ikatoka nyuma ya pazia, "mleteni hapa ndani."

Wanawake wakatazamana. Kulusum alingoja taya lilegee kidogo, akainuka, akaenda kukemewa.

*

Ndani palikuwa na giza la asubuhi na harufu ya udi. Haboba alikuwa ameketi kwenye godoro, mgongo ukutani. Hakumwambia aketi, alipigapiga godoro kwa kiganja.

"Funga pazia vizuri." Akangoja. Kisha akasema, kama anayeuliza bei ya bamia: "Ikitoka kwa kifua, inapanda mpaka kwa taya? Hii ya kushoto?"

Kulusum alimtazama.

"Kama jino?" Haboba akauliza. "Jino lenye halitoki?"

"Nani alikuambia, Haboba? Ya taya sijaambia mutu. Nimeambia daktari tu."

Haboba aligeukia dirisha. Dirishani palionekana sufuria, mvuke, na msichana yule akikoroga uji wake.

"Kabla yako, ile sufuria ilikuwa ya nani?"

"Ilikuwa yako."

"Na mimi nilikuachia kwa nini?"

"Ulisema umechoka na moshi. Ulisema umri."

"Nilikuwa na miaka hamsini. Miaka hamsini ni umri?" Alivuta shuka miguuni. "Siku ile ya harusi ya Hamuza niligeuza mpaka nikaona nyota mchana. Nikasema, hii ni moshi. Nikatafuta msichana mwenye mkono mzuri, nikamwambia, chukua. Tangu hapo sijageuza. Lakini inakuja. Nikiinama, inakuja. Siku ya kumzika Mzee ilikaa na mimi mpaka alasiri."

"Na unafanya nini?"

"Nakunywa chai."

Kulusum hakujua kama acheke. Miaka miwili mwanamke huyu alimwita mvivu, akijua. Hasira ilimpanda, akaona ni afadhali aiseme kuliko kuinyamazia. Sasa alijua zinazonyamaziwa huenda wapi.

"Ulijua. Uliwasikia wananiita Mama Picha, na ulijua."

"Nilijua yangu. Yako sikuijua. Nilisema huyu ameiona kwangu, anaiga. Leo nimekuona kwa dirisha unashika taya. Kushika taya mimi nimeficha miaka yote, hakuna mutu ameona. Hakuna wa kuiga." Haboba alikunja ncha ya shuka. "Sasa umejua, basi. Usiwaambie. Mimi niko ndani ya eda, wacha nimalize na heshima yangu."

"Hapana, Haboba."

"Nini?"

"Ukinyamaza, mimi nikitoka kwa hiyo mlango niko muongo. Watanirudisha kwa sufuria harusi ijayo, na Arua sitarudi, na nitafia pale kwa mafiga, na wewe utakunywa chai ya arbaini yangu." Alisema bila kupaza sauti. "Na yako inaweza kuwa ingine, mbaya kuliko yangu. Yako haijapimwa hata na kamba."

Nje Mariam Poni alikuwa akilia na kumweleza mtu kwamba ilikuwa chai tu. Haboba Jamilah alimsikiliza kidogo. Alijifunika vizuri, akasogea mpaka pazia likamgusa uso, lakini hakulifungua.

"Hamuza! Ramathan! Mko hapo?"

"Tupo, Mama."

"Ile ugonjwa ya Kulusum, iko na mimi. Miaka ishirini. Hii hii, mpaka kwa taya." Alipumua. "Sasa semeni. Semeni mama yenu anaogopa kazi."

Hata aliyekuwa akikata kachumbari uani aliacha. Hamuza alianza kusema karatasi ya Kampala, akaishia kwenye neno karatasi.

"Na hiyo nyama inaungua, nasikia harufu," Haboba akaendelea. "Msichana hawezi. Ramathan, kunja mikono ya kanzu, shika mwiko."

"Mimi, Mama?"

"Mke wako amegeuza miaka ishirini, wewe saa moja itakuua? Chini, chini kabisa, usikoroge juu. Hamuza, wewe toa kuni. Moto umezidi."

Kulusum aliona kwa dirisha. Ramathan alisimama mbele ya sufuria mbele ya wanaume wa Koboko na mashehe wa Arua, akakunja mkono mmoja, akakunja wa pili. Mwiko ulimshinda mara ya kwanza. Kisha akaushika kwa mikono miwili na kuusukuma mpaka chini, na uso wake, alipoinua kichwa kutafuta hewa, ulikuwa wa mtu aliyeona uzito wa kitu ambacho amekila kwa miaka mingi. Hakuna aliyemcheka. Kasimiro alivua koti, akaenda kusimama upande wa pili.

"Mariam!" Haboba akaita. "Leta chai. Vikombe viwili."

Pazia likasogea, macho mekundu yakachungulia. "Ya kawaida, Haboba?"

Haboba alimgeukia Kulusum.

"Bila sukari," Kulusum akasema.

"Bila..." Mariam Poni akatazama huku na huku, kama aliyeambiwa alete vikombe bila chai. "Hata kidogo? Watu watasema nini?"

"Watasema sukari iliisha," Haboba akasema. "Nenda."

Ilipokuja, walikunywa pamoja. Haboba alimeza tangawizi na majani matupu, akafumba macho, akakunja uso wote.

"Mbaya."

"Mbaya sana," Kulusum akakubali.

"Na utakunywa hivi mpaka lini?"

"Hakusema mwisho."

Haboba alitazama ndani ya kikombe, akakizungusha, akatafuta kilichozoea kukaa chini. Hakukuwa na kitu. Nje Ramathan alikuwa akiuliza, kwanza polepole na kisha kwa sauti ya mtu anayezama, mchele unatiwa saa ngapi.

"Eda inaniruhusu kwenda hospitali," Haboba akasema. "Huyo wa kamba, anapima na wazee?"

"Anapima wote. Lakini usile asubuhi yake."

"Mama Akram!" Ramathan akaita. "Mchele!"

Kulusum alinywa funda lingine chungu, akalishusha taratibu. Taya lilikuwa limeachia.

"Mwache kidogo," akasema.